Gunia Liko Wapi Mvua Ikianza?



Mafuriko yakitokea, kila mtu husema: pelekeni chakula. Sisi tunaopakia na kuendesha malori tunauliza kwanza: kiko wapi, na kitapita njia gani?

Tutazame Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa bandari wa Beira. Mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, na barabara ya N6 iendayo bara hadi Zimbabwe ikakatika. Kwa siku kadhaa lori halikupita. Misaada ikapelekwa kwa helikopta na mashua.

Sasa tupige hesabu. Mtu mmoja hukadiriwa gramu 400 za nafaka kwa siku. Jamaa ya watu 5 yahitaji kilo 2, basi gunia la kilo 50 huwatosha siku 25. Lori la tani 10 hubeba magunia 200. Helikopta aina ya Mi-8 hubeba kiasi cha tani 4, yaani magunia 80, na mafuta yake hayalingani kabisa na ya lori.

Kwa hiyo akiba yote isirundikwe bandarini. Sehemu yake ivushwe mito kabla ya masika, iwekwe penye mwinuko. Hata ghala dogo la ushirika latosha. Magunia yapangwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Klorini na mafuta ya taa visilale chumba kimoja na unga. Gunia lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na karani aandike siku ile ile. Ghala lisilo na daftari huliwa na panya wa miguu minne na wa miguu miwili.

Katika kupakia, kitakachoshushwa kwanza kipakiwe mwisho. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa Beira. Dawa ya maji ikizikwa chini ya mahindi, itafika imechelewa ingawa imo ndani ya lori.

Sasa wapagazi. Mipango mingi huhesabu magunia, haihesabu migongo. Tani 10 ni kubeba mara 200 kupakia na mara 200 kushusha. Watu wanne, kila mmoja mara 100. Wengine wao nyumba zao zimechukuliwa na maji, kisha huambiwa wafanye bure kwa kuwa ni msaada. Hatukubali. Zamu, chakula na ujira viandikwe ndani ya mpango. Matawi yaliyo karibu na mito yaipelekee kamati ya maafa ya wilaya orodha ya wapagazi na madereva kabla ya mvua kuanza.