Moto Ukizuka Mtaani, Nani Afanye Nini?

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sisi tunaotibu wagonjwa katika mitaa ya Eastlands tungependa kuongeza kwamba hata kuuzima moto na kumwokoa aliyeungua kunahitaji mikono mingi, na kila mkono ujue kazi yake.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne. Usiku huo moto ulikuwa umeteketeza nyumba za mabati katika ploti yao. Mtoto alikuwa ameungua kifua na mkono wa kulia. Juu ya jeraha palikuwa na dawa ya meno, na juu ya dawa ya meno palikuwa na unga wa ngano. Majirani walimpaka kwa huruma. Hakuna aliyemmwagia maji, na saa tano zilikuwa zimepita. Nilipomuuliza mama kwa nini alichelewa, alijibu: "Daktari, tulikuwa tukingoja gari la zimamoto."

Gari lilifika, nalo lilikuja kuzima nyumba. Mtoto hakuwa na mtu wake.

Ndiyo sababu somo letu la leo ni kuhusu makundi yanayohusika moto unapozuka mtaani. Kundi moja likikosa kutimiza wajibu wake, linalofuata hupokea mzigo ulio mzito zaidi.

1. Majirani

Kabla ya king'ora kusikika, mtaani kuna majirani tu. Kazi yao ya kwanza ni kupiga kelele ili watu watoke, kisha kuzima swichi kuu ya stima ikiwa inafikika bila hatari. Aliyetoka nje asirudi ndani kutafuta godoro wala televisheni. Watu wengi hulemewa na moshi kabla ya mwali kuwafikia.

Mtu wa pili apige simu. Nambari za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Taja mtaa, steji ya matatu iliyo karibu, shule au kanisa linalojulikana, kinachoungua, na kama kuna watu waliokwama ndani. Kisha mtume kijana asimame barabarani awaongoze wanaokuja.

Mtu wa tatu amshughulikie aliyeungua. Nguo zikishika moto asikimbie, kwa maana upepo huuchochea. Alale chini na abingirike, au afunikwe kwa blanketi zito. Moto ukizimika, mmwagie maji safi ya baridi kwenye jeraha kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, tumia kikombe na mtungi, ukimwaga polepole bila kukatiza. Hata kama muda umepita, maji bado husaidia ndani ya saa tatu za kwanza. Mvue pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi iache hapo ilipo. Mwisho funika jeraha kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili zikingwe baridi, hasa kwa mtoto.

Usipake dawa ya meno, unga, yai, mafuta wala majivu. Vitu hivi hufungia joto ndani, huleta viini, na humzuia daktari kuona kina cha jeraha. Barafu pia haifai. Malengelenge usiyatumbue.

Kuna jambo jingine ambalo majirani wasifanye kamwe, nalo ni kuchota mafuta yaliyomwagika. Mnamo Septemba 12, 2011, mafuta yalivuja kutoka kwa bomba katika eneo la viwanda na kutiririka hadi mtaa wa Sinai, Mukuru. Watu walikuwa wakichota moto ulipolipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Petroli hutoa mvuke usioonekana, na cheche ndogo hata mbali na dimbwi hutosha kuuwasha. Ukiona mafuta yamemwagika, ondoka na uwaondoe watoto.

2. Chifu, wazee wa mtaa, polisi na watu wa stima

Kundi hili hufungua njia. Polisi huzuia umati na kulinda mali iliyotolewa nje. Wazee wa mtaa wanajua ni nani anaishi mlango upi, hivyo wao ndio wanaoweza kusema ni nani hajaonekana. Watu wa stima hukata umeme wa eneo zima, kwani mzima moto hawezi kurusha maji mahali penye nyaya zenye nguvu.

3. Wazima moto

Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka huduma za kuzima moto chini ya serikali za kaunti. Hata hivyo, askari wa zimamoto mwenye ujuzi wote hawezi kufanya kazi bila njia, maji, habari na amani. Kibanda kilichojengwa katikati ya barabara huwanyima njia. Mawe yanayorushwa kwa sababu wamechelewa huwanyima amani, na dakika zinazopotea hapo ni za yule aliye ndani.

Fahamu pia kwamba moto si wa aina moja. Moto wa mbao huzimwa kwa maji. Moto wa petroli unahitaji povu maalumu, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji na kusambaa. Kwa hiyo taja kinachoungua unapopiga simu.

4. Watoaji wa huduma ya kwanza na ambulensi

Hawa huwapanga majeruhi kulingana na hatari. Wananchi hukasirika wakiona anayelia sana ameachwa na aliyenyamaza amechukuliwa. Jambo hili lina sababu. Jeraha lililozama huunguza hata mishipa ya fahamu, hivyo mwenyewe huenda asisikie uchungu mwingi.

Aliyevuta moshi naye huweza kutembea na kuzungumza, lakini awe wa kwanza kuangaliwa. Dalili zake ni sauti kukwaruza, masizi puani au kwenye makohozi, na nywele za pua kuungua. Koo lake linaweza kuvimba na kuziba saa chache baadaye. Isitoshe, moshi una gesi ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni huweza kuonyesha nambari nzuri ilhali mgonjwa anakosa hewa. Anahitaji oksijeni na hospitali.

5. Zahanati na hospitali

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia moja ya ngozi yake. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya viganja 15, au mtoto zaidi ya viganja 10, anahitaji kuwekewa maji kwenye mishipa. Nusu ya maji ya siku ya kwanza hutakiwa kuingia katika saa nane za mwanzo, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitalini. Akicheleweshwa, figo huanza kuumia.

Kwa hivyo zahanati ndogo isimshikilie mgonjwa wa aina hii. Imwanzishie matibabu, iandike saa aliyoungua, kisha impeleke kwenye hospitali kubwa. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina wadi maalumu ya majeraha ya moto. Wewe jamaa wa mgonjwa, kumbuka saa hiyo. Ni swali la kwanza nitakalokuuliza.

6. Watoaji wa vibali

Kundi hili nimeliweka mwisho ingawa kazi yake hutangulia zote. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi. Watu walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Halmashauri inayosimamia kawi na petroli, EPRA, ilieleza kwamba mnamo 2023 ilikuwa imekataa mara tatu maombi ya kujenga ghala la gesi hapo. Neno "hapana" lililoandikwa ofisini halikuwafaa kitu waliolala karibu na ukuta ule. Kibali kikikataliwa, lazima pawe na mtu wa kwenda kuhakikisha kazi imesimama. Nawe mkazi ukiona malori ya gesi yakiingia usiku penye makao ya watu, mwarifu chifu na kaunti, na uandike tarehe uliyoarifu.

Jipime nyumbani

Jioni ya leo, keti na jamaa zako mjiulize: Swichi kuu ya ploti iko wapi, na nani ana ufunguo wake? Gari la zimamoto litapitia njia ipi? Nani atawatoa watoto na wazee? Je, kuna mtungi mmoja wa maji usiokauka usiku? Kila swali liwe na jina la mtu mbele yake.

Yule mtoto alipona. Lakini jeraha lake lilizama, kovu likavuta ngozi, na hadi nilipomwona mara ya mwisho kiwiko chake hakikunyooka. Dakika 20 za maji zingempunguzia mengi, na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyejua kwamba kazi hiyo ni yake.