Usanifu na Mazoea katika Maktaba ya Lugha ya C: Mfano wa musl

1.0 Utangulizi
Katika isimu, lugha sanifu hutofautishwa na lahaja yenye wasemaji wengi, ingawa mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa. Makala haya yanaonyesha kwamba mkanganyiko huo umo pia katika lugha za kompyuta. Mfano unaotumika ni musl, maktaba nyepesi ya lugha ya C iliyoasisiwa na Rich Felker na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011.

2.0 Kiwango na Watekelezaji
Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilisanifishwa mwaka 1989. Hati ya kiwango hueleza sarufi ya lugha pamoja na maktaba yake, yaani taratibu zilizo tayari za kusoma, kuandika, kunakili matini na kugawa kumbukumbu. Hati haitoi maktaba yenyewe. Kila mtekelezaji huunda ya kwake. Katika mifumo ya Linux, iliyoenea zaidi ni glibc ya mradi wa GNU. Kutokana na kuenea huko, waandishi wengi wa programu wamezichukua desturi zake kuwa ndizo kanuni.

3.0 Lahaja Iliyojificha
Mifano miwili yatosha. Kwanza, utaratibu uitwao strerror_r hutafuta maelezo ya kosa. Kwa mujibu wa POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, hurejesha namba. Katika glibc, nyongeza za GNU zinapowashwa, hurejesha anwani ya matini. musl hufuata POSIX. Pili, kila uzi wa programu hutengewa staki, yaani eneo la kumbukumbu la data za muda. Kwa kawaida glibc hutenga megabaiti 8, ilhali musl hutenga kilobaiti 128. Kiwango hakitaji ukubwa wa kawaida. Hivyo, programu inayoanguka baada ya kuhamishiwa musl haikuvunjiwa kanuni yoyote. Ilitegemea jambo ambalo kanuni haikuliahidi.

Aidha, musl kwa makusudi haina alama ya kujitambulisha. Programu haiwezi kuiuliza, "Wewe ni nani?" bali, "Waweza nini?" Msemaji hupimwa kwa sarufi yake, si kwa ukoo wake.

4.0 Hitimisho
Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja ilipandishwa hadhi kwa uamuzi uliojulikana. Desturi za glibc hazikuhitaji mkutano, mazoea yalitosha. Hapo ndipo ilipo thamani ya maktaba ndogo kama musl: mbali na kuokoa kumbukumbu, hudhihirisha mahali mazoea yalipojivika joho la kanuni. Kiwango chenye mtekelezaji mmoja tu hakina cha kupimiwa, na hatimaye mtekelezaji huyo ndiye huwa kiwango.