Mtoto Anasahau, Wenzake Wanamcheka

Mwanasaikolojia wa watoto anajibu maswali ya wazazi.

Mwanangu yuko darasa la nne. Leo anapoteza sweta, kesho daftari la hesabu. Wenzake wanamwita "Mzee Sahau". Huu si uzembe?

Hapana, mama, na neno hilo naomba lisitamkwe tena nyumbani. Mtoto mwenye dalili za ADHD, hali inayovuruga umakini na utulivu, hupata shida kushikilia agizo kichwani huku akifanya jambo jingine. Umemwambia, "Vua viatu, toa daftari, mpelekee bibi maji." Viatu amevua, yaliyobaki yamepeperuka. Mara nyingi hali hii ni ya kurithi, na duniani inakadiriwa kuwapata takriban watoto 5 katika kila 100. Kwenye darasa la watoto 60, huenda mwanao hayuko peke yake.

Nitajuaje kama si utoto tu?

Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu angalau miezi 6, huonekana nyumbani na shuleni, tena humkwamisha. Apimwe kwanza macho na masikio, uangalie na usingizi wake. Wasichana wengi huchelewa kugunduliwa kwa sababu hukaa kimya, mawazo yako mbali. Jibu la uhakika atakupa daktari au mwanasaikolojia tiba.

Wakimcheka, nimwambie awapuuze?

Kwa mtoto huyu hilo ni gumu kuliko kwa wengine. Hasira yake hupanda haraka, naye akilipuka ndipo wachokozi wanapofurahi, kisha anayeadhibiwa ni yeye. Mpe maneno machache: "Ndiyo, nimesahau. Naenda kuchukua." Akishasema, aondoke. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mchokozi, mpaka yamtoke bila kufikiri.

Lakini mzigo huu asiachiwe mtoto. Mara nyingi nakuta dhihaka ilianzia kwa mtu mzima. Mwalimu akiuliza mbele ya darasa, "Leo umesahau nini tena?", ameshawapa wote ruhusa. Shangazi akisema hivyo mezani, kaka zake nao wanadaka. Linaloniuma zaidi ni kwamba mtoto huja kuliamini jina hilo.

Nikienda kwa mwalimu, hataona namtetea mvivu?

Nenda baada ya vipindi, si asubuhi wakati ana haraka. Mweleze unachokiona nyumbani, umuulize anachokiona yeye. Kisha omba mambo madogo: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni, dhihaka ikomeshwe bila kumtaja mtoto wala kueleza hali yake. Na mwambie wazi kwamba fimbo haiongezi kumbukumbu. Ikishindikana, muone mwalimu wa malezi.

Na nyumbani?

Msaidie kukumbuka kwa macho. Achore mwenyewe picha za sweta, daftari, kalamu na chupa ya maji, mzibandike ndani ya begi, pale linapofunguka. Begi lipangwe usiku, liwekwe juu ya viatu vyake. Utamkumbusha kwa miaka mingi, hata akiwa sekondari, usichoke. Akikumbuka, msifu papo hapo.

Mtafutie pia rafiki. Mtoto mwenye rafiki mmoja wa kweli hachezewi ovyo. Mwalike Jumamosi, wacheze mpira au wachore kwa saa moja au mbili, nawe ukiwa karibu. Usiwaache kutwa nzima, maana wakichoka wataanza kugombana. Bora rafiki aondoke wakiwa bado wanacheka.