Dondoo muhimu: Usimmulike rubani

Usielekeze kalamu ya leza angani, hata kama ndege inaonekana iko mbali. Mwali unaotoka mwembamba mkononi hupanuka kadiri unavyosafiri. Ukigonga kioo cha mbele cha ndege husambaa, chumba cha marubani kikajaa mwanga. Rubani hupofuka kwa muda, na doa hubaki machoni hata baada ya mwali kuondoka. Ubaya ni kwamba mara nyingi humkuta ndege iko chini, anatua au anapaa, hana nafasi ya kusubiri macho yatulie.

Leza ya kijani ni mbaya zaidi: jicho huiona kali kuliko nyekundu yenye nguvu ileile.

Wazazi, tafadhali, leza si kitu cha kuchezea mtoto. Anayeihitaji kufundishia achague isiyozidi miliwati 1.

Nchini Marekani, ambako mwaka 2023 yaliripotiwa matukio 13,304, mkosaji anaweza kufungwa hadi miaka 5. Uingereza nayo imeweka kifungo kama hicho tangu 2018.

Rubani ukimulikwa, tazama kando, ongeza taa za ndani, usifikiche macho. Mwachie mwenzako ndege, kisha uarifu mnara mara moja.