Zimwi la Mezani Litoke Kilwa

Mchezo wa kusimulia kwa dadu unataka meza, wachezaji wanne hivi, na msimulizi anayejua kutisha. Uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na kitabu chake cha viumbe, Monster Manual, kikafuata 1977. Viumbe wake wengi wana asili ya Ulaya. Kikundi kilichoko Kilwa Masoko hakina haja ya kuazima huko. Ng'ambo ya maji tu, Kilwa Kisiwani, kuna magofu ya Husuni Kubwa, na bara ya Lindi kuna Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya mijusi wa kale. Wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi, na mjusi mmoja bado amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13.

Nyenzo ya kwanza ni kadi na kalamu. Kabla ya namba yoyote andika: zimwi linataka nini, linaogopa nini, na linajulikanaje kabla halijaonekana. Hilo la tatu ndilo linalobeba hofu yote, kwa hiyo lipe muda. Tuseme lako linaishi katika birika la pembe nane la Husuni Kubwa. Wachezaji wasilione kwanza. Waone birika lililokauka karne nyingi likiwa limejaa maji usiku mmoja, na maji hayo ni ya chumvi.

Kisha lipe kanuni moja ya kwake peke yake. Methali ni ghala zuri la kanuni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: basi mchezaji aliyelitajia jina lake na la babu yake hawezi kushushwa chini ya alama 1 ya uhai na zimwi hilo. Ila tangu hapo linajua pa kumtafuta. Wachezaji watabishana nusu saa nani ajitaje, na mabishano hayo ndiyo mchezo wenyewe.

Namba usizibuni kutoka hewani. Mwaka 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo 5.1, ziliachiwa kwa leseni huria: unaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na hata kuzitafsiri, mradi uwataje wenyewe. Chukua kiumbe aliyemo umvike sura mpya. Triceratops ana kinga 13 (namba ambayo anayempiga lazima aifikie), uhai 95, na pigo lake la pembe hutoa wastani wa 24. Mgeuze awe Kentrosaurus, mjusi wa Tendaguru mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani. Sasa pigo linatoka nyuma, na mjanja anayezunguka kumvizia ndiye anayeumia.

Kwa wachezaji wapya, pigo la 24 ni kifo cha mara moja. Lishushe hadi dadu ya pande 8 ukiongeza 3, yaani wastani wa 7.5. Uhai nao upigie hesabu. Mchezaji mwenye nyongeza ya 5 dhidi ya kinga 13 anahitaji kupata 8 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Hiyo ni nafasi 13 kati ya 20. Wachezaji wanne, kila pigo likitoa 7, watapunguza kama 18 kwa raundi. Uhai wa 55 utakupa raundi tatu hivi. Zikizidi tano, watu wanaanza kuchezea simu.

Dadu ya pande 20 ikikosekana, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie koponi, na kila kilichochomolewa kirudishwe kabla ya mwingine kuchomoa. Kisiporudishwa, hesabu yote hapo juu inaharibika.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Kilwa Kisiwani wanaishi watu, na Msikiti Mkuu na makaburi si mapango ya kuwekea mazimwi. Majini nayo, kwa wengi wetu, si hadithi. Waulize wenzako kabla hamjaketi, na anayesema hapana asidaiwe sababu.

Mwisho, cheza pambano zima peke yako mara mbili, ukishika nafasi ya kila mchezaji. Mmoja akifa raundi ya kwanza, punguza pigo, uhai usiuguse.