Mama wa Makala na Kifaransa cha Haraka

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaoshuka kutoka kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwenda mitaa ya Kenya, Katuba au Ruashi hubeba maswali yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Wanayauliza kwa Kiswahili, kisha majibu wanayaandika kwa Kifaransa palepale. Msimamizi anataka Kifaransa, jopo linataka Kifaransa, basi kwa nini kuzunguka?

Nami nilifanya hivyo. Siku moja nilikaa na mama mmoja katika soko la Kenya, katikati ya magunia ya makala, yaani mkaa, nikamuuliza zamani alikuwa na kazi gani. Akajibu: "Miye? Sikutumikaka. Bwana yangu njo alikuwa anatumika ku Gécamines. Miye nilikuwa nauzisha makala tu." Nikaandika: sans profession, hana kazi. Na vidole vyake vilikuwa vyeusi mbele ya macho yangu.

Mji huu wa Lubumbashi ulikulia ndani ya kampuni ya madini. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe mwaka 1910, na baadaye ikaja Gécamines. Ndiyo maana kwa wazee wengi "kutumika" ni kuwa na mshahara na posho. Kulima si kazi, kuuza si kazi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960 na 1970, aliandika makala nzima juu ya neno hili moja, "kazi". Mimi nililimaliza kwa maneno mawili ya Kifaransa.

Kwa hiyo rekodi kwanza, tena kwa ruhusa iliyoombwa kwa Kiswahili, si kwa fomu ambayo baba wa watu ataitia saini kwa aibu ya kutosoma. Kabla ya swali la kwanza, taja kwa sauti tarehe na mtaa. Simu iweke katika hali ya ndege isije ikaita mama anapolia. Umeme ukirudi usiku, hamishia sauti mahali pa pili siku hiyohiyo. Hapa kwetu kesho ni ya SNEL, shirika la umeme.

Kisha andika ulichosikia. "Batu" isigeuke "watu", "njo" isigeuke "ndiyo", na "-aka" ya mwisho usiikate, maana mara nyingi humo ndimo mnamokaa mazoea ya miaka. Saa moja ya sauti hunichukua saa sita za kuandika. Ni kazi ya kuchosha, sitakudanganya.

Ukikwama kwenye maandishi, mpe mwenyeji ayasome kwa sauti. Mwaka 1965 André Yav aliwaandikia wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa, maneno yakiwa yameungana na kukatika hovyo. Fabian alipotaka kuitafsiri, alihitaji mwenyeji aisome kwanza kwa sauti. Jicho peke yake halikutosha. Nimejaribu mbinu hiyo na shangazi yangu jikoni: sentensi niliyoihangaikia wiki nzima aliisoma mara moja, akacheka, akaendelea kusonga bukari, ugali wetu.

Kwenye dini mtego wa kutafsiri ni mkubwa zaidi, kwa sababu maneno yanafanana na yale ya kamusi. Katika Jamaa, harakati iliyoanza miaka ya 1950 kutokana na mafundisho ya padre Placide Tempels, maneno "uzima", "uzazi" na "mapendo" yana elimu yake, na "baba" na "mama" ni zaidi ya mzazi. Usiulize "mapendo maana yake nini?" Utapewa katekisimu. Uliza: nani alikufundisha, mlikuwa wapi, nyumbani kulibadilika nini? Katika tasnifu liache neno la Kiswahili lisimame, ulieleze kwa aya nzima. Jopo halitakufa. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo hikihiki, aliliacha "Bana Shaba" (wana wa Shaba) katika jina la kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 2001.

Kwenye haki, maneno ya ofisi ndiyo ya kuogopwa. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kuanzia mwaka 2003 kwa kile kilichoitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Mzee akilitamka, usiliandike ukapita; muulize siku ile aliambiwa nini, alilipwa lini, watoto waliacha shule lini. Wanaokumbuka Wakasai walivyofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, usiwaanze na swali la kabila. Na kubadilisha jina la msimulizi hakutoshi kumficha: ukiandika "fundi umeme, mlemavu wa mguu, kambi fulani", mtaa mzima umeshamjua.

Mwisho rudi ukawasomee. Mimi nilirudi sokoni na karatasi zangu, mama akasikiliza hadi nilipofika pale kwenye "tu" ya "makala tu". Akanisimamisha. Akahesabu kwa vidole ada ya watoto wanne, bati za nyumba, mazishi ya bwana yake, vyote kutoka katika magunia yale. "Ile 'tu'," akasema, "uitoshe."

Sikuitoa. Niliweka maneno yote mawili, la kwanza na lile la kujisahihisha, na tarehe zake.