Mwiko, Pimamaji na Kauri: Istilahi za Fundi wa Vigae

Utangulizi

Makala hii inadhamiria kuchunguza majina ya ala za fundi wa vigae. Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kesses, katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, aweza kukanyaga vigae kila siku asiweze kueleza kwa Kiswahili jinsi vinavyotandazwa. Tangu Katiba ya 2010 ikifanye Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, pengo hilo halina udhuru.

Mbinu za uundaji

Mbinu ya kwanza ni upanuzi wa maana. Neno mwiko humhudumia mpishi na mwashi vilevile. Fundi wa vigae huhitaji mwiko wenye meno: meno huacha mifuo katika gundi ya saruji, na kigae kinapobonyezwa hewa hupata njia ya kutoka. Kigae chenyewe ni kipande cha chombo kilichovunjika. Siku hizi pia ni bapa la kuezekea au la sakafu.

Ya pili ni uambatanishaji. Pimamaji hakipimi maji. Kiputo kilichomo katika kioevu chake huonyesha usawa wa sakafu. Wima wa ukuta ni kazi ya timazi.

Ya tatu ni ufafanuzi: nyundo ya mpira hugongea kigae bila kukivunja, na vijisalaba vya plastiki husawazisha mianya.

Udongo na kauri

Kauri ni ganda ling'aalo la mnyama wa baharini, na pia udongo wa vyombo vya thamani. Ajabu ni kwamba Waitaliano nao waliuita udongo huo porcellana, jina la ganda lilo hilo. Kwenye makaburi ya Mambrui na Kunduchi, waashi wa pwani walipachika vyombo vya kauri vya Uchina katika lipu ya chokaa karne kadhaa zilizopita.

Kigae cha kauri hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kile cha udongo wa kawaida hunyonya zaidi. Kwa hiyo saruji tupu hukishika kauri kwa udhaifu, na kukikata kwataka diski ya almasi. Asiyetenganisha majina haya mawili atachagua gundi isiyofaa, na vigae vitabanduka.

Hitimisho

Istilahi sahihi ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Zoezi: Pendekeza istilahi ya saruji laini ijazwayo kwenye mianya ya vigae, kisha ueleze mbinu uliyotumia.